Barua za Siku ya Thelathini

Saa kumi na dakika nne, alasiri.

"Amegeukia posta?" Sauti ya Silvanus ilimkwaruza Ghati sikioni.

"Hapana, mkuu. Ameipita."

"Anakwenda wapi?"

"Kusini. Bladensburg."

Ghati alikanyaga mafuta. Camry ya kijivu ikapenya katikati ya malori mawili kwenye barabara kuu ya 295. Mbele, Honda Pilot nyeusi. Ndani yake Zefania, shemasi wa kanisa lao la Laurel.

Na mfuko wa barua.

Kanisani walimjua Ghati kama muuguzi. Hawakujua kuwa ni jasusi wa Kitengo cha Nane, ofisi ndogo ya siri inayowalinda watu wa Afrika Mashariki walioko ughaibuni. Silvanus alikuwa mkuu wake.

Adui safari hii hakuja na bomu. Alikuja na kompyuta kibao.

Kampuni ya Brelvane ilileta mashine za oksijeni kanisani, wagonjwa wakaambiwa gusa hapa, Nakubali. Wakagusa. Nani anasoma kurasa sitini na mgonjwa anahema? Mle ndani kulikuwa na kipengele: mashine ikikudhuru, huendi mahakamani. Unakwenda kwa msuluhishi anayelipwa na kampuni, mlango umefungwa, hakuna wa kusikia. Hutaki? Tuma barua ya kukataa kabla siku thelathini hazijaisha.

Wiki ya pili, mashine ya mume wa Irene, muumini mwenzao, ilishika moto. Hakutoka chumbani akiwa hai.

Leo ilikuwa siku ya thelathini. Posta hufunga saa kumi na moja.

Barua arobaini na moja aliziandika Ghati mwenyewe, usiku kwa usiku. Na kwa kuwa mambo yote ya kanisa hupelekwa na shemasi, akamkabidhi Zefania.

"Nimeshazituma, dada," Zefania alisema Jumapili iliyofuata. Watu wakapiga makofi.

Ghati alikuwa ameshonea AirTag, kifaa kidogo cha kufuatilia, kwenye pindo la mfuko. Hakumshuku. Ni mazoea tu ya kazi. Mfuko uliporudi nyumbani kwa Zefania, akadhani ni mtupu. Leo asubuhi akaulizia posta.

Hakuna barua hata moja ya watu wake iliyoandikishwa.

Honda ilikata kona nyuma ya ghala, karibu na mto Anacostia. Lori jeupe lilikuwa likinguruma pale. Lori la kusaga karatasi, lenye meno ya chuma ubavuni. Kando yake alisimama Ryan, Mkenya aliyekulia hapahapa ughaibuni, mlinzi wa Brelvane. Bastola ya Glock 19 kiunoni.

Zefania alikuwa ameshaunyanyua mfuko.

Ghati hakupunguza mwendo.

Camry ilijichomeka kati ya shemasi na lori, breki zikalia.

"Madam, hii haikuhusu," Ryan alisema, mkono ukishuka kiunoni. "Rudi kwa gari uende."

"Naenda. Nikishachukua changu."

Bastola ilichomoka. Mlango wa Camry ukafunguka kwa teke, ukampata Ryan kwenye kifundo cha mkono. Glock ikaruka chini ya lori. Taser ya Ghati, bastola ya umeme, ikatema nyaya mbili, Ryan akaanguka akitetemeka.

Sekunde nne.

Alimfunga mikono, akabonyeza kitufe chekundu. Lori likanyamaza.

"Ghati, dada yangu, nisikilize..."

"Lete mfuko."

Alihesabu bahasha juu ya boneti, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Kisha akainua macho.

"Arobaini. Moja iko wapi?"

Akayapitia majina juu ya bahasha.

"Kaka Zefania. Ya mama yako haimo."

"Ile... niliituma peke yake, bila kuiandikisha. Siku ileile."

Mpaka hapo Ghati alikuwa anamtafutia udhuru. Labda alidanganywa. Labda hakuelewa kipengele.

Alielewa kuliko wote.

"Brelvane waliniahidi makaratasi ya kuishi hapa," Zefania alilia. "Miaka kumi na mmoja naishi kwa kujificha! Wewe una pasi yako, utajua nini?"

"Irene alikuita mwanangu."

Ghati alizirudisha bahasha kwenye mfuko, akamwambia amfuate posta.

Saa kumi na dakika arobaini na tisa.

Posta ya Bladensburg ilikuwa na watu watatu kwenye foleni. Ghati alisimama nyuma yao, akasubiri zamu yake. Karani alipokea bahasha, akapiga muhuri wa tarehe. Moja. Ya pili. Ya Irene ilikuwa ya tisa. Alipopiga ya arobaini, saa ya ukutani ilionyesha dakika moja kabla ya kufunga.

"Zimepita?" Silvanus aliuliza.

"Zote. Muhuri wa leo."

"Polisi wamemchukua Ryan. Lori wanalo. Brelvane watakutana na Irene mahakamani, mlango wazi. Kazi nzuri."

Ghati hakusema asante. Ni yeye aliyewaambia Irene na wale wagonjwa: mwaminini Zefania, huyo ni wetu.

Nje, Zefania alikuwa amesimama kando ya Honda, macho mekundu.

"Utawaambia?"

"Hapana." Ghati alivaa miwani ya jua. "Jumapili utasimama mbele uwaambie mwenyewe. Uanze na mama yako, umweleze kwa nini ya kwake ilifika."

"Na nisipokuja?"

"Njoo. Mimi nitakaa na Irene."

Alitembea hadi kwenye Camry bila kugeuka, akawasha gari, akaondoka polepole.