Dirisha Dogo la Manjano

Rozina alipotoka shule Ijumaa hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mtaa wa Malangali, kwenye steshenari ya shangazi yake Luciana, sweta limefungwa hadi shingoni kwa ule upepo wa Juni. Kila jioni alimsaidia shangazi kuchapa, na kwa kuiringia kazi hiyo darasani hakuwa na mpinzani.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba. Mwalimu Herman ameacha flashi. Ni wimbo wa Jumapili."

Rozina aliruka kwa furaha. Kwaya ya watoto, naye akiwemo, ingeimba kwenye jubilei ya parokia, na ubeti wa mtu mmoja angeuimba rafiki yake Timoth. Bibi yake Timoth angekuja kutoka kijijini Kaoze kumsikiliza tu! Mwalimu Herman alikuwa ameutunga wimbo mwenyewe na kuuandika kwa solfa: d, r, m, f, kila nota juu ya silabi yake.

Alipofungua faili, kikatokea kidirisha cha manjano: "Fonti ya faili hili haipo kwenye kompyuta hii. Itatumika nyingine." Fonti ni mtindo wa herufi, na Rozina alilijua hilo vizuri. Lakini nani ana muda wa kusoma vidirisha siku ya wimbo mpya? Akabofya "Sawa", printa ikaanza kunguruma. Jioni hiyohiyo Timoth alikuwa na karatasi yake mkononi.

Jumamosi mazoezini, kiitikio kilitoka vizuri kwa sababu mwalimu alishawafundisha watoto kwa mdomo. Ukafika ubeti wa Timoth. Sauti ikapanda pale ilipotakiwa kushuka, neno "asante" likavutwa kama mpira wa manati. Wenzake wakacheka.

"Timoth, hukufanya mazoezi," alisema Mwalimu Herman, ambaye alikuwa na wimbo wote kichwani na hakuhitaji karatasi.

"Nimefanya, mwalimu. Nimeimba kama ulivyoandikwa."

"Mimi ndiye niliyeuandika! Rudia."

Akarudia, mambo yakawa yaleyale. "Basi, ubeti huu ataimba Edwin," alisema mwalimu.

Timoth akainamisha kichwa. Rozina akaitazama karatasi ya Timoth. Nota zilikuwa zimesogea kushoto, hazikukaa tena juu ya silabi zake. Akakikumbuka kile kidirisha. Akinyamaza, nani atajua? Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, lakini akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kosa si la Timoth. Ni langu. Kompyuta ilinionya, nikabofya bila kusoma."

Mwalimu akaichukua karatasi na kuitazama kwa mara ya kwanza. "Ala! Kumbe kijana ameliimba kosa hili bila kukosea hata nota moja! Twendeni!"

Kwaya nzima ikatimua mbio hadi dukani. Shangazi akafungua faili, kidirisha kikatokea, na safari hii walikisoma wote kwa sauti.

"Fonti yangu inaipa kila herufi nafasi sawa," alieleza Mwalimu Herman. "Hii nyingine inaziminya herufi nyembamba, ndiyo maana nota zimehama. Fonti yenyewe imo humohumo kwenye flashi."

Shangazi akafunga faili, akaiweka fonti kwenye kompyuta, akafungua tena. Wote wakakodoa macho. Hakuna kidirisha! Kila nota ilikuwa imerudi juu ya silabi yake. Watoto wakashangilia mpaka muuza viazi wa jirani akaja kuuliza timu gani imefunga.

"Nisamehe, Timoth," alisema mwalimu. "Ubeti ni wako."

"Poa, mshikaji?" Rozina akamnong'oneza.

"Poa sana!" alijibu Timoth, akianza kuimba kabla wino wa karatasi mpya haujakauka.

Jumapili aliimba vizuri ajabu. Bibi yake hakusubiri amalize. Alisimama na kupiga vigelegele, kanisa zima likaitikia.

Baada ya misa shangazi alimshika Rozina bega. "Onyo haliji kukuchelewesha, mwanangu. Linakuja kosa likiwa bado dogo, ulisome ndipo uamue. Hapo ulikosea. Lakini ulisema kweli mapema." Akamwonyesha bibi, aliyekuwa akicheza uwanjani huku amemkumbatia mjukuu wake. "Ungenyamaza jana, mama yule angerudi Kaoze bila kumsikia Timoth."