Anaishi na Mwenyewe

Kitanda namba sita wodi ya wanawake kilikuwa na mgonjwa mmoja, lakini mgonjwa huyo alikitumia nusu. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na kitu, na alilala ukingoni kabisa, bega nje, upande wa ukutani kauacha mtupu. Manesi wakimsogeza katikati, baada ya dakika kumi wanamkuta karudi palepale. Nesi mmoja akamtania, "Wewe dada, unamwekea nani nafasi?" Fundi hakucheka. Alinyoosha tu shuka ule upande usiolaliwa.

Ilikuwa mara ya nne kulazwa kwa kifua kilekile. Akiletwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika, midomo imepauka. Anawekewa oksijeni, anatundikiwa dripu, siku ya tano anatembea, anaruhusiwa. Siku kumi hazipiti, huyo tena mlangoni, na kila akirudi kapungua. Makohozi yamepimwa, si kifua kikuu. Picha ya kifua haisemi kitu. Safari hii nesi mkuu alisema kwa sauti ya chini kwamba mara ya tano huyu dada hatafika.

Aliyemruhusu mara zote tatu ni daktari kijana wa mafunzo, mwezi wa nne tangu avae koti jeupe. Wodi nzima ilimwita Chapuchapu, na jina alilipenda, maskini, alidhani ni sifa. Mimi simkatai: dozi anazijua, mshipa anaupata kwa sindano moja. Ila faili la mgonjwa lina ukurasa wa makazi. Unaishi wapi, na nani, unafanya kazi gani, unapika wapi, unalala wapi. Ukurasa huo Chapuchapu aliujaza huku mguu mmoja ushaelekea kitanda kinachofuata.

Bahati mbaya yake, mkufunzi wake na wenzake alikuwa daktari bingwa mmoja, mama mtu mzima, miwani shingoni kwa kamba, ambaye vijana walimwita Bi Makazi wakiwa mbali naye. Yeye faili alilifungua kwa nyuma, anaanza na ukurasa huohuo. Asubuhi ile kwenye raundi alisoma kwa sauti, "Anaishi mwenyewe." Akalishusha faili, akakaa kwenye kiti cha wageni. Vijana wakatazamana, maana bingwa akikaa, chai ya saa nne mmeikosa.

"Mwanangu," alimwambia fundi, "nyumbani unaishi na nani?"

"Na mwenyewe."

Bi Makazi akamgeukia Chapuchapu. "Umesikia?"

"Ndiyo, daktari. Mwenyewe. Ndivyo nilivyoandika."

"Kasema 'na mwenyewe.' Ile 'na' yake umeipeleka wapi?"

Wenzake wakainamisha vichwa, mmoja akajikohoza ili asicheke. Chapuchapu alisikia masikio yanawaka. Mara zote tatu alikuwa kaisikia ile "na", sasa alikumbuka vizuri, na mara zote tatu aliona ni namna tu ya watu kuongea.

"Mwenyewe ndiye mwenye nyumba?" aliuliza bingwa.

Fundi alitazama mlango kwanza. "Mwenye nyumba hakai pale, mama. Anayekaa ni mwenyewe." Sauti ikawa ya kunong'ona. "Analala upande wa ukutani. Hanigusi, hanisemeshi. Ila mimi nikitoa pumzi, yeye anaivuta. Naamka nimeishiwa."

"Ulimwambia nani?"

"Mganga. Akaja, akafukiza chumba kizima. Akasema huyu hatoki kwa moshi, kwa sababu hajaingia kwa mtu, kaingia kwenye nyumba. Akaniambia nihame. Nihamie wapi? Wateja wangu wote wananijulia pale."

Nje ya wodi Chapuchapu alisema kinachotakiwa ni kumwita daktari wa magonjwa ya akili. Bi Makazi alimsikiliza mpaka mwisho. "Ushafika kwake?"

"Hapana."

"Basi hujui anaumwa nini, na mimi sijui. Kachukue ufunguo. Uende leo, mchana kweupe, ukurasa wa makazi ukaujazie hukohuko."

Saa saba mchana alikuwa kwenye ua wenye vyumba saba, kamba za nguo kutoka ukuta mpaka ukuta, na mwanamke mmoja anafua karibu na bomba. Chumba cha fundi kilikuwa cha mwisho. Kabla hajafika alisikia cherehani ndani, kanyagio linakwenda mbio, tikatikatika, mtu anashona pindo refu. Alibisha. Kanyagio likanyamaza. Akangoja, hakujibiwa, akatia ufunguo.

Hakukuwa na mtu. Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka taratibu, likasimama mbele ya macho yake.

Alijiambia ni panya. Panya gani anakanyaga cherehani, hakujiuliza. Alitoa fomu akaanza kuandika, maana mkono ukiwa na kazi moyo unatulia. Dirisha halikuwepo, lilikuwepo zamani, alama yake ya mstatili ilionekana ukutani, limezibwa kwa matofali ili upande wa pili kiongezwe chumba kingine. Ukuta wote ule ulikuwa umelowa tangu chini hadi kifuani mwa mtu, una ukungu mweusi, unanuka udongo uliofukuliwa sasa hivi. Jiko la mkaa lilikuwa chini ya kitanda. Na godoro, godoro lilikuwa na mabonde mawili, moja dogo la mtu mwembamba ukingoni, na jingine upande wa ukutani, la mtu mrefu kuliko kitanda chenyewe, aliyelala kakunja magoti.

Kalamu ilifika kwenye mstari usemao: idadi ya wanaolala chumbani. Aliandika moja, akatoa pumzi, na pale pumzi ilipotoka alisikia, karibu kabisa na mdomo wake, kitu kinaivuta. Akaibana pumzi, kukawa kimya. Akaiachia kidogo, kikavuta kidogo. Na kwa kuwa alikuwa daktari, na daktari akiogopa hufanya alichofundishwa, alivaa stetoskopu yake masikioni na kile kisahani cha baridi akakibandika ukutani, kwenye ule unyevu, akasikiliza kama anavyosikiliza kifua cha mgonjwa, na akasikia hewa inaingia, inaingia, inaingia bila kutoka, mkondo mmoja mrefu wa kuvuta, na huku miguu inamwambia ondoka yeye alibaki pale anangoja ule upande wa pili wa pumzi, ule wa kutoa, ambao kila kifua alichowahi kukisikiliza kilikuwa nao, mpaka akagundua kwamba tangu aanze kusikiliza yeye mwenyewe hajavuta hata mara moja.

Alijikuta uani, mikono magotini, anahema. Yule mwanamke wa bomba hakushtuka. "Umemkuta?"

"Hicho chumba ... waliotangulia walikwenda wapi?"

"Mmoja alihama. Wengine walitolewa wamebebwa." Akakamua shati. "Wakija kuuliza kinachowasumbua, hospitali mnawapa dawa ya kikohozi."

Chapuchapu alirudi wodini kwa miguu, karibu anakimbia, akakuta fundi amekaa kitandani, kafunga khanga, mfuko mapajani. Alijisikia nafuu, alisema, na kuna magauni ya harusi aliyoahidi. Kilichobaki ni saini tu. Mara tatu Chapuchapu alikuwa kaweka saini ile bila hata kukaa chini. Sasa alikaa. "Dada yangu," alisema, "ukirudi kule utakufa. Nimekwenda. Nimemsikia."

Fundi akalia, kwa sababu kwa miezi minane aliyokaa mle, ukimtoa mganga, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia hivyo bila kumwona mwehu.

"Huna ndugu yeyote?"

"Nina shangazi. Tuligombana. Nilimwambia yeye si mama yangu."

Dawa aliyoiandika Chapuchapu siku ile ilikuwa namba ya simu ya shangazi. Mama huyo alikuja kesho yake, mnene, kakunja mikono kifuani, akasimama miguuni pa kitanda. "Nasikia unamtafuta asiye mama yako," alisema. Fundi akaanza kuomba radhi, kikohozi kikamkatiza, na mikono ya shangazi ikafunguka yenyewe. "Nyamaza bwana, utajimaliza. Kitanda chako sijakitoa. Hata cherehani itaenea, tutaiweka barazani." Aliufuta uso wa bintiye kwa ncha ya mtandio, huku anamgombeza kwa kukonda.

Baada ya wiki sita fundi alikuja kliniki kajaza mashavu, kifua safi, anacheka na manesi. Chapuchapu alifurahi mpaka usingizi ulimkataa. Ijumaa, kwenye kikao ambapo vijana wa mafunzo hueleza mgonjwa mmoja mbele ya wenzao, alimweleza huyu: ukungu, dirisha lililozibwa, jiko chini ya kitanda, shangazi. Habari za stetoskopu ukutani aliziruka. Wenzake wakampigia makofi.

Bi Makazi hakupiga. Alivua miwani. "Vizuri. Na chumba?"

"Chumba kipi, daktari?"

"Hicho alichohama. Nani yumo sasa?"

Chapuchapu alishuka ngazi bila kuvua koti, akavuka barabara, akapita ule ua akikwepa nguo mbichi. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi na una pazia jipya la maua. Ukuta ulipakwa rangi ya kijani, na rangi ilishaanza kutoa malengelenge. Mwenye nyumba hakupoteza muda.

Mama kijana alimkaribisha kwa furaha, akamvutia kigoda. Wamehamia juzijuzi, alisema, mume yuko kazini, chumba wamekipata kwa bahati kweli. Mtoto wao wa miezi mitano alikuwa kalazwa kitandani, upande wa ukutani. Macho wazi, katulia, mkono mmoja ameuinua juu, vidole vimekunjwa kama vimeshika kidole cha mtu.

Chapuchapu alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya kifua kile kidogo, akaanza kuhesabu pumzi. Alihesabu mpaka tatu, akangoja ya nne.

"Halafu mtoto mwenyewe hana shida," mama alisema, anakunja nguo. "Kule tulikotoka alikuwa analia usiku kucha. Tangu tuhamie hapa hatujamsikia hata mara moja."