Mkono wa Wifi Atuganile

Mmeanza tena. Mvua ikinguruma tu mnanizunguka, "Bibi, tueleze ya mkono wa Atuganile," kama vile mimi ni redio. Haya. Lakini atakayeogopa kwenda chooni asiniamshe. Na ndoo za kukinga maji katoeni wenyewe. Mimi nje sitoki.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita. Jioni moja nilishuka bondeni, huku huku kwetu milimani Mbeya, kuchota udongo mweupe wa kuchorea kuta. Atuganile, dada wa marehemu babu yenu, akanifuata. Alikuwa amefika darasa la nne, na hakuna siku aliyosahau kutukumbusha.

Wenzangu walichora kutani ng'ombe na migomba. Mimi sikuchora kitu chenye jina. Nilikuwa nakaa mbele ya ukuta hata siku mbili, chakula kinaungua, mpaka nijue mstari unataka kwenda wapi. Ndipo natafuna ncha ya kijiti, nachovya, naenda. Mtu akiuliza, "Hii nini?" namwambia, "Siku niliyomzika mama." Anacheka. Halafu ananyamaza.

Shimo la udongo ule lilikuwa na sharti. Ukichota unainama, unasema: "Nimeazima. Mvua itakurudishia." Na kweli, mvua zikija zinaosha kuta zote, udongo unateremka bondeni kwa mwenyewe. Mwaka mwingine unaanza upya. Usipourudisha, mama alinionya, atafuatwa mwenye mkono uliochora.

"Mambo ya kishenzi," wifi alisema, ameziba pua.

"Ziba na masikio, basi."

Mama mmoja wa Kizungu, mke wa bwana shamba, alikuwa ameona kuta zangu. Akaniletea mbao sita nizichore, zipelekwe maonyesho ya Iringa. Nilisita. Mbao zinakaa ndani, hazinyeshewi. Wifi akashika Biblia, akaapa: maonyesho yakiisha zitarudi, tutaziweka mvuani kwa mikono yetu.

Nikachora miezi miwili.

Tulikwenda kwa lori, tukalala Chimala, kesho yake Iringa. Ukumbi umejaa. Watu wanafika mbele ya mbao zangu, wanacheka, halafu wananyamaza. Kama nyumbani. Moyo ukanivimba, wajukuu zangu, siwafichi.

Chini ya kila ubao kulikuwa na karatasi. Nikamwita mzee Ahmadi, muuza nguo wa pale mjini. "Baba, nisomee."

"Atuganile Kalinga," akasoma. Akapita ubao wa pili, wa tatu. "Zote sita, mama. Jina moja."

Nikamtafuta wifi. Alikuwa katikati ya watu, ameinua mkono wa kulia, anazungumza Kiswahili cha polepole ili wageni wamwelewe. "Ni mkono huu. Huu peke yake."

"Wifi," nikamnong'oneza, "jina langu liko wapi?"

"Wewe hata kulisoma hujui. Litakusaidia nini?"

"Na mbao?"

"Zinakwenda Ulaya. Nimeshamzawadia yule mama."

Nikatoka nje, kwenye bomba, ninawe uso. Sikutaka anione. Jua lilikuwa linazama nyuma ya majabali. Iringa ilikuwa kavu, vumbi tupu...

Lakini nikasikia harufu. Udongo mbichi. Udongo wa shimoni kwetu.

Ng'ambo ya bomba alisimama mwanamke amejifunga kaniki. Miguu yake ilikuwa myeupe mpaka magotini, imepasukapasuka kama tope lililokaukia juani.

"Ndaga," akanisalimu, kwa lugha ya nyumbani. Sauti haikutoka kinywani. Ilitoka chini... chini ya nyayo zangu.

"Udongo wangu umo humo ndani. Ni mkono wa nani?"

Jibu nililijua. Udongo ulikuwa bado umenikaa kwenye kucha. Nikaficha mikono ndani ya khanga.

"Si amesema mwenyewe? Ingia ukamsikilize," nikamjibu.

Akapita. Alipokanyaga, vumbi lilikuwa limelowa.

Tuliporudi hadi Chimala wifi alikuwa anajikuna vidole. Tulipofika nyumbani vilikuwa vyeupe. Vikakauka, vikapasuka. Daktari akavigeuza, akavigonga kwa kalamu. Vililia kama chungu. Akasema hajapata kuona ugonjwa huo.

Mvua ya kwanza ilimkuta barazani. Akanyoosha mkono avute ndoo chini ya paa. Mimi nilikuwa pembeni yake.

Alikuwa anatazama tu.

Vidole vililainika. Kidole gumba kwanza. Maji meupe yakapita uani, yakashika njia ya bondeni, taratibu, kama mtu anayekwenda kwake.

Miaka thelathini nilimlisha kwa mkono wangu huu, tukiwa hatusemeshani. Watu wakanisifu kwa upendo.

Upendo gani? Nilikuwa nahesabu. Atuganile alilipa vidole vitano.

Mbao zilikuwa sita.