Hewa Iliyokuwa Ikirudi Nyuma

Mwanaharusi na mumewe, Shuaibu, wanaishi Mapinga. Wana mashine ya kutengeneza barafu. Kila siku wauza samaki huja na maboksi yao kuchukua barafu.

Msimu wa joto ulipoanza, mashine ilianza kujizima mchana. Barafu ikatoka laini. Siku moja Bi Adila, mteja wao, alimwaga tenga zima la vibua. Waliharibika kabla hajafika sokoni.

"Feni ya mashine ni ndogo," alisema Shuaibu. "Nitafunga kubwa kuliko zote."

"Hii iliyopo si uliifunga mwenyewe juzi?" aliuliza Mwanaharusi. "Tumwite fundi kwanza."

Nasrin, fundi wa majokofu, alifika baada ya adhuhuri.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mashine ilikuwa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha. Nasrin aliitazama kwa makini.

"Mashine hii huondoa joto kwenye maji," alisema. "Joto linakwenda kwenye rejeta, haya mabomba yenye mapezi membamba. Feni inapitisha hewa hapo ili hewa ilibebe. Hewa ikiwa haba, mashine inajizima isije ikaungua."

Alitoa kipimaupepo, kifaa chenye panga dogo kama la feni linalozunguka. Alikishika mbele ya rejeta: katikati, pembeni, juu, chini. Namba zilibadilika kila mahali.

"Mbona hazifanani?" aliuliza Shuaibu.

"Hewa haipiti sawasawa. Ukipima katikati tu, utadanganyika. Napima sehemu nyingi, natafuta wastani wa kasi, kisha nazidisha kwa eneo la rejeta. Hapo najua inapita hewa kiasi gani." Akatazama kibandiko cha mashine. "Haifiki hata nusu ya inayotakiwa. Mama, una chetezo?"

Mwanaharusi alishangaa, lakini alileta chetezo chenye udi. Nasrin alikishika upande ambao hewa huingia. Moshi ulivutwa ndani ya rejeta. Ukatokea upande wa pili, ukagonga ukuta, ukapanda hadi kwenye bati la paa. Halafu, polepole, ukageuka na kurudi ulikotoka.

"Subhanallah!" alinong'ona Mwanaharusi. Miaka yote aliingia chumba kile, na hakuwahi kuiona hewa.

"Mashine inavuta joto lake yenyewe," alisema Shuaibu.

"Ndiyo, baba. Feni kubwa ingezungusha joto hilohilo. Tena feni haichaguliwi kwa upana wala kelele. Uliza inapitisha hewa kiasi gani ikiwa imefungwa kwenye rejeta. Hii yenu inavuma vizuri mahali pa wazi tu. Rejeta ikiizuia, inashindwa."

Walizima umeme kwenye swichi kuu, wakasubiri feni isimame kabisa. Shuaibu alisafisha vumbi lililoziba rejeta. Ukuta mmoja ulitobolewa ili hewa baridi iingie, na ukuta wa pili ili hewa moto itoke. Nasrin alileta feni inayofaa, akaifunga. Akaunganisha mfereji wa bati kutoka kwenye feni hadi nje, ili joto lisirudi. Umeme uliporudishwa, alihakikisha feni inazunguka upande sahihi, akapima tena.

"Sasa inatosha," alisema.

Kesho yake mchana jua lilikuwa kali mno, lakini mashine haikujizima. Bi Adila alipokea barafu ngumu, akaigonga kwa kidole, akacheka.

Mwanaharusi alitoka nje, akasimama kwenye tundu la kutolea hewa moto. Upepo wa moto ulimpiga usoni.

"Shuaibu, njoo!" aliita. "Joto hili lote lilikuwa ndani ya maji!"