Kesho ya Fundi

Paka wa gereji alikuwa amejikunja juu ya boneti ya pikapu, na hilo lisingekuwa neno, ila pikapu yenyewe ilikuwa imezimwa tangu jana alasiri. Paka hulala penye joto. Fundi alimsogeza, akaweka kiganja kwenye bati. Lilikuwa vuguvugu, kama paji la uso la mtoto anayeanza homa.

"Jua hilo," alijisemea, ingawa jua lilikuwa bado halijavuka ukuta.

Watu walimwita Sikio. Hakuwa na kompyuta ya kupimia injini, wala hakuitamani. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliigusisha kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akasikia chuma kinavyosema huko ndani. Kwa miaka ishirini alikuwa akiutaja ugonjwa kabla ya kufungua nati hata moja, na ni mara chache alikosea.

Pikapu ilikuwa ya dada yake. Rangi ilikuwa imebabuka, mlango wa abiria ulifungwa kwa waya. Dada alisambaza mikate madukani kwa gari hilo, na sasa alikuwa amesimama kwenye lango la gereji, mkono kiunoni.

"Inakata pumzi mlimani," alisema. "Halafu inatetemeka kama mlevi. Niambie itakuwa tayari lini, na usinipe ile lugha yenu mafundi."

"Lugha gani?"

"Kesho, kesho. Unajua kwa nini nilimwacha yule fundi bomba? Alikuwa ananioa kesho. Miaka miwili!"

Wakacheka wote wawili. Kisha dada akashusha sauti.

"Kesho ndiyo siku namtoa mama hospitali. Si kwamba amepona. Wamesema akapumzike nyumbani. Umeelewa maana yake."

"Nimeelewa."

"Miguu yake ni baridi, Sikio. Naisugua, naifunika mablanketi mawili, baridi tu. Nataka nimlaze kwenye godoro huko nyuma, aione njia na watu, asije nyumbani amefungiwa kwenye boksi la gari la wagonjwa. Hilo tu. Nitengenezee."

Akaenda zake ndani, kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya gereji, walimozaliwa wote wawili.

Injini ilikuwa ya dizeli, silinda nne. Njia ya kumjua mgonjwa ni ile ile ya zamani: injini ikiwa inanguruma, unalegeza bomba la dizeli la silinda moja baada ya nyingine. Ukilegeza la silinda nzima, mngurumo unayumba. Ukilegeza la iliyokufa, husikii tofauti. Fundi aliwasha, akalegeza la kwanza.

Hakuna tofauti.

"Ndiye wewe," alisema, akalikaza. Lakini fundi mzuri hahukumu kabla ya kuwasikiliza wote, kwa hiyo akalegeza la pili. Hakuna tofauti. Akaliacha wazi, akalegeza la tatu, akarudi kulilegeza la kwanza, dizeli ikamtiririka vidoleni. La nne alilizungusha polepole, huku moyo ukimwambia aache, mpaka hakuna hata tone lililokuwa likiingia popote, na injini, iliyopaswa kufa palepale, ikaendelea kutikisika, taratibu, kwa pigo moja badala ya manne, pigo zito lenye pumzi katikati yake, na juu ya harufu ya dizeli ikapanda harufu nyingine, ya nywele zilizoungua.

Mtu mwingine angekimbia. Lakini mkono wenye mazoea ya miaka ishirini hauulizi ruhusa. Alichukua bisibisi, akagusa chuma, akainamisha sikio, na mdomo nao ukatoa mzaha wake wa kila siku:

"Haya, bi mkubwa. Unaumwa wapi?"

"Siumwi," mbao ilisema ndani ya sikio lake. "Nasikia baridi. Chuma hiki kimezeeka. Nitafutie penye joto."

Haikuwa sauti ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa ya mtu ambaye meno yanamgongana. Na fundi, akiwa amekauka kwa hofu, alisikia kinywa chake kikijibu kama kilivyowajibu wateja wote maishani:

"Kesho."

Injini ikazima. Ilizima kwa utulivu, kama mtu aliyeridhika. Paka hakuwepo tena.

Mzee aliyemfundisha kazi alikaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Fundi alimkimbilia, akamwambia injini imesema. Mzee akaja akichechemea, akaishika fimbo inayoinua boneti, bila kuligusa bati.

"Uliiuliza?" alinong'ona.

"Niliuliza, mzee. Nilikuwa natania."

"Nilikufundisha nini? Gari linasikilizwa, haliulizwi. Ukiuliza umebisha hodi." Akarudi hatua moja nyuma. "Ikasema nini? Ukajibu nini?"

Fundi alimweleza.

"Wateja wanatusamehe kesho zetu," mzee alisema. "Huyu si mteja wa kusahau. Lakini sikiliza. Jini aliyezoea chuma hana miguu, lazima abebwe. Gari lisitoke hapa. Kesho ikipita hujamtimizia, ahadi imekufa, na baridi itammaliza."

Walifanya kazi haraka, bila kuinua sauti. Walimwaga oili yote kwenye beseni, wakamwaga maji ya rejeta, wakafungua betri na kuiweka juu ya meza ya kazi. Ufunguo fundi aliutia mfukoni. Kila waliposhika chuma walikikuta kina joto zaidi.

"Haitoki kesho," alimwambia dada yake jioni. "Nitaazima gari jingine."

Dada alimtazama. "Kesho, kesho," alisema, bila kucheka.

Fundi alitaka kumweleza. Lakini unamwambiaje mwanamke anayehesabu pumzi za mama yake kwamba kuna jini kwenye gari? Pengine sisi sote tungenyamaza.

Asubuhi alikwenda kwa rafiki yake kuazima gari, akacheleweshwa, akarudi adhuhuri. Mahali pa pikapu palikuwa patupu. Dada alikuwa na ufunguo wa akiba. Fundi alitazama beseni: oili ilikuwa imejaa vilevile, nyeusi, haijapungua. Akatazama meza: betri ilikuwa pale pale alipoiweka. Aliiinua, na alikuwa bado ameishikilia, kana kwamba ingemweleza gari lisilo na oili, maji wala moto wa kuliwashia limetokaje langoni, aliposikia mngurumo ukija barabarani, laini, haukosi hata pigo moja.

"Limewaka mara moja!" dada alipaza sauti kupitia dirishani. "Na ulikuwa unanitisha. Mwangalie mama!"

Mama hakuwa nyuma kwenye godoro. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, mgongo umenyooka, mashavu yana damu.

"Tulipofika nusu ya njia," dada alisema, machozi yakimtoka, "akagonga kioo akasema, 'Mahali hapa pana joto, nataka kukaa mbele.' Halafu akasema ana njaa. Wiki tatu hajasema neno hilo!"

Mama aliufungua waya wa mlango, akateremka mwenyewe. Mara tu nyayo zake zilipogusa ardhi, injini ikazima bila mtu kugusa ufunguo. Fundi aliweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Njoo, mwanangu," mama alisema, akafungua mikono.

Alimkumbatia. Mama alikuwa wa moto, na alinuka nywele zilizoungua, kwa mbali sana. Sikio la fundi lilitua kifuani pake, lile lile la kazi, na likasikia moyo wa mama yake alioujua tangu utotoni, mchovu, ukijikokota. Na chini yake, taratibu, pigo jingine, zito, lenye pumzi katikati yake, likiusukuma.

Paka alitokea nyuma ya matairi, akajisugua kwenye miguu ya mama.

"Unasikiliza nini?" mama aliuliza.

Dada alikuwa akiwatazama, anacheka na kulia. Fundi alikumbuka somo la mzee. Safari hii alilishika.

Hakuuliza.

"Nasikiliza tu, mama," alisema. "Uko mzima."

"Niko mzima," mama alisema, akamkumbatia kwa nguvu zaidi. "Asante kwa kutimiza."