Mrija wa Mzee Sebagabo

Zamani sauti ya Nyirabagenzi ilijaza soko la Mahoko. Aliuza maharage huku tumbaku ikiwa shavuni. Tumbaku ilikaa hapo miaka mingi, kama mpangaji asiyetaka kuhama. Kisha kikatokea kidonda kisichopona. Ilikuwa saratani.

Sasa alikaa nyumbani Kanzenze, kimya. Daktari alikuwa amekata nyama mbaya ndani ya shavu. Bintiye, Murekatete, alimpikia uji, akaupooza, akamnywesha kwa kikombe. Kila mama alipofungua kinywa, Murekatete aliona kipande cheupe kimeshonwa mle ndani.

Jirani yao, mzee Sebagabo, alikuja kutoa pole. Alileta kibuyu cha ubushera, kile kinywaji cha mtama kisicholevya, na mrija mmoja.

"Ile kitu ya mu shavu ni nini?" aliuliza.

"Ni ngozi ya ng'ombe, mzee. Waliisafisha sana, ndiyo wakamushonea."

"Ng'ombe! Bon, Mama Murekatete, marehemu bwana yako alitoa ng'ombe moja kwa baba yako. Leo daktari ametoa ya pili. Huyo anakuposa!"

Mama alicheka kwa macho tu.

Sebagabo alionja kwanza, kama ilivyo desturi, kisha akamnyooshea mama mrija. Murekatete alishtuka. Muuguzi wa hospitali alikuwa amekataza kitu. Alikataza nini? Pilipili? Mrija? Lakini kukataa mrija wa jirani ni kumwambia: naogopa sumu yako. Hakuzuia. Mama akavuta. Akavuta tena.

Kesho yake kipande kilitoka pamoja na damu. Kwa kuwa katazo walilisahau, waliona aibu kurudi hospitali. Wakangoja, wakangoja, mpaka kijiko kikakataa kuingia kinywani.

Walipofika hospitali, muuguzi Joanita, aliyekulia Tanzania, alilikagua shavu la mama.

"Alivuta kitu? Sigara? Mrija?"

"Ubushera tu," Murekatete alisema, macho chini. "Haina pombe."

"Ubaya si ubushera, dada yangu. Ubaya ni kule kuvuta. Ukivuta, shavu linabonyea, nyuzi zinakatika. Ninyi mnalima maharage yanayopanda fito, sivyo? Kile kipande ni ufito. Nyama ya mama inapanda juu yake polepole, halafu chenyewe kinayeyuka. Ukiung'oa ufito mapema, je?"

"Maharage inalala chini."

"Ndivyo. Kidonda kinajikunja, shavu linakaza. Mngekuja siku ile ile."

"Mama atasema tena?"

"Sitakudanganya. Daktari atalegeza shavu, atashona kipande kingine. Lakini hatakuwa kama zamani." Akashika mkono wa mama. "Kikombe tu, mama. Chakula laini, kilichopoa. Sukutua taratibu kwa dawa tuliyokupa. Usikiguse kipande kwa ulimi wala kidole. Weupe usikutishe. Ila ukiona damu, usaha au homa, njoo upesi. Na tumbaku, basi."

Kipande cha pili kilikuwa bado kipya Sebagabo aliporudi na kibuyu chake. Alionja, akanyoosha mrija. Murekatete akauzuia kwa kiganja.

"Mzee, unisamehe. Mama hatavuta. Si sumu tunaogopa. Ile murija ndiyo iliharibu shavu yake."

Sebagabo aliutazama mrija. Mkono wake ulibaki hewani. Murekatete alidhani ujirani umekwisha siku hiyo.

"Ni mimi, basi," mzee akasema polepole. "Ni mimi nilimuumiza."

Akauvunja mrija juu ya goti lake.

"Leta vikombe. Vitatu."

Tangu siku hiyo, nyumbani mwa Nyirabagenzi kila mgeni alikunywa kwa kikombe. Kipande kilishika. Nyama nyekundu, laini, ikakifunika. Daktari aliporuhusu, mama alianza kufanya mazoezi ya kufungua kinywa, huku machozi yakimtoka. Kinywa kilifunguka upana wa vidole viwili, kikakomea hapo. Hakurudi kuuza Mahoko.

Siku moja Sebagabo alimmiminia ubushera. Mama akanywa. Kidogo kikamwagika pembeni mwa mdomo.

"Iko mutamu," akasema.

Ilikuwa sauti ndogo, isiyofika hata barabarani. Murekatete aliisikia, akageuka ukutani, akalia.