Picha Zilizofika Upesi

Maiti ya Nkole Chipulu ilitolewa chini ya mawe Jumatatu, kabla ya saa sita mchana. Alikuwa bado kwenye kiti cha kijiko chake cha kuchimbia, kiganja kimeng'ang'ania gia.

Inspekta Bupe Kabaso alivua kofia. "Bwana, mpokee," aliomba kimoyomoyo. Kisha akaivaa tena na kuanza kazi.

Ukuta wa kaskazini wa mgodi wa shaba wa Kafwimbi, nje kidogo ya Chingola, ulikuwa umeporomoka. Kabaso alipanda hadi juu, kwenye sehemu iliyobaki imesimama. Palikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Ndani yake tope lilikuwa limekwisha kukauka, na buibui alikuwa ametanda utando wake.

"Mvua ya mwisho ilinyesha lini, Koplo?"

"Alhamisi, mama."

"Basi tope hili liliingia Alhamisi. Ufa ulikuwepo."

"Meneja anasema picha za Ijumaa hazikuonyesha ufa wowote. Wahandisi wa Johannesburg walizitazama, wakaruhusu watu washuke."

Ndivyo kazi ilivyokwenda pale. Kila Ijumaa mpimaji alirusha droni kutwa nzima, akapiga maelfu ya picha za kuta na kuzituma Johannesburg. Picha zisipofika, hakuna aliyeshuka shimoni.

Mpimaji aliitwa Chewe Musakanya. Macho yake yalikuwa mekundu. Joto lilikuwa kali, lakini mikono ya shati lake ilikuwa imefungwa vifungo hadi viganjani.

"Ijumaa ulirusha droni?"

"Nilirusha, mukwai," alijibu, kwa neno la heshima la Kibemba.

"Ukuta wa kaskazini uliupitia?"

"Kuta zote."

"Na ufa?"

"Sikuuona."

"Nkole ulimjua?"

"Ni mtoto wa mjomba wangu."

"Pole sana."

Chewe aliinua mkono kujifuta uso. Shati likateremka kidogo, uzi wa shanga nyeupe ukaonekana. Akaufunika haraka. Kabaso alikuwa Mbemba, hakuhitaji kuelezwa. Shanga zile hufungwa msibani, baada ya maziko, kwa yule aliyerithi jina la marehemu. Kabaso akaenda chumba cha mawasiliano.

Humo baridi ilikuwa ya mochwari. Fundi Sampa alikuwa akitafuna viwavi vikavu kutoka mfukoni.

"Karibu, mama Inspekta. Onja. Vimetoka kwetu Mpika, havina kesi."

"Baadaye. Nieleze picha zinavyosafiri."

"Ah! Zamani zilitambaa kama konokono mgonjwa. Usiku kucha, halafu alfajiri mtandao unakatika, unaanza upya. Ndipo wakatuletea huyu." Alilipigapiga sanduku jeusi kama mtu anayembembeleza ng'ombe wake. "Ana pacha wake Johannesburg. Wanakumbuka kila kilichowahi kupita. Kipande ambacho pacha anacho tayari, huyu hakitumi tena. Anamwambia tu, chukua kile chako cha siku ile. Kinachosafiri ni kipya peke yake."

"Na Ijumaa iliyopita?"

"Usiniambie Ijumaa!" Sampa alicheka. "Siku nyingine, hata kwa sanduku hili, naenda kula nshima, narudi, bado zinakwenda. Ijumaa birika halijachemka, zimefika zote! Nikampigia Chewe makofi humuhumu peke yangu. Johannesburg nao wakatuma pongezi."

"Kwa nini zilikwenda upesi hivyo?"

"Kwa sababu..." Kiwavi kilisimama njiani kuelekea mdomoni. "Kwa sababu hapakuwa na kipya."

"Ukuta ni uleule. Si picha zitafanana?"

"Machoni pako, mama. Lakini jua limesogea, upepo umeyumbisha droni. Kwa sanduku, kila picha ina mengi mapya."

"Basi Ijumaa alituma nini?"

Sampa alikuwa hacheki tena. "Zile za wiki ya nyuma. Alibadilisha majina na tarehe, akadhani yatosha. Ee Mungu wangu. Na mimi nikapiga makofi."

Kituoni, Kabaso alimsomea Chewe haki zake, kisha akasema, "Funua mkono."

Chewe alifungua kifungo. Shanga zikaonekana.

"Nani alikufa?"

"Mjomba. Jumatano, kwetu Luwingu. Ndiye aliyenilea, mukwai. Niliomba ruhusa. Meneja akanisomea kanuni: baba, mama, mke, mtoto. Mjomba hayumo. Nkole akaruhusiwa kwa kuwa ni mwana. Mimi mpwa, mrithi wa jina kwa mila yetu, nikaambiwa kanuni ni kanuni."

"Ungerusha droni kwanza."

"Ni kazi ya kutwa. Basi la Luwingu huondoka asubuhi. Mrithi asipokuwepo, nani afungwe shanga? Nilipanga picha za zamani zijitume jioni, nikapanda basi."

"Ukarudi lini?"

"Jumapili. Basi moja na Nkole na mama yake. Nkole alilala begani mwangu njia nzima."

"Ulijua zamu yake ni alfajiri."

"Nilijua."

"Ungemwambia neno moja tu, Chewe. Usishuke."

"Ningemwambia kwa nini? Ningefukuzwa kazi. Nikajiambia, ukuta umesimama miaka yote, nitarusha droni Jumatatu mapema, nani atajua?" Alizikandamiza shanga kwa kidole. "Nilifika na droni mkononi. King'ora kilikuwa kinalia."

Kabaso aliandika maelezo, Chewe akatia sahihi. Kusababisha kifo kwa uzembe. Kanuni ya kampuni haikuwa na kosa la jinai, wala makofi ya Sampa. Alikuwa huyu mmoja tu wa kupeleka mahakamani, na hakuna lolote ambalo mahakama ingerudisha.

Alikuwa anamfunga Chewe pingu, Koplo alipobisha.

"Mama yake Nkole yuko kwenye benchi tangu mchana. Anamtaka Chewe. Anasema ana neno la kumwambia, na haliambiwi mtu mwingine."

Kabaso alielewa neno lenyewe. Alitaka kumzuia. Lakini yule mama alikuwa amekwisha kuingia, mdogo, kitambaa cheusi kichwani. Hakuitazama pingu. Alipiga magoti mbele ya Chewe, kama alivyokuwa akipiga mbele ya mumewe, akapiga makofi ya heshima, polepole.

"Baba Nkole," alimwita, maana jina la mumewe, pamoja na ubaba wake, sasa lilikuwa la Chewe. "Nimekuja kukuarifu. Mtoto wetu amefariki."

Kabaso alitafuta sala. Hata ile fupi ya asubuhi haikuja.

Baba anayeletewa msiba hana budi kuuliza mtoto amekufa kwa nini. Mama alibaki amepiga magoti, uso ameuinua, akingoja kuulizwa.

Chewe hakuuliza.